Badiliko la jeni moja na moyo wa mwanangu
Ndugu zangu, juma hili daktari wa vinasaba alitusomea majibu ya mwanangu: ana sindromu ya Kabuki, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri viungo vingi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1981, na chanzo chake ni badiliko la jeni ya KMT2D ambalo sisi wazazi wake hatuna.

Jeni hiyo, iliyohusishwa na hali hii mwaka 2010, hutengeneza kimeng'enya kinachoweka alama za kikemikali kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka ndani ya kiini cha seli. Alama hizo husaidia kuilegeza kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake, mahali ambapo jeni nyingine huamriwa kufanya kazi. Kwa hiyo nakala moja kati ya mbili za jeni ya KMT2D inapoharibika, ile inayobaki haitoshelezi mahitaji ya kiinitete, na viungo vingi huweza kuathirika kwa pamoja: moyo, figo, kaakaa, hata ncha za vidole. Kwa mwanangu, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulikuwa umebanwa, kasoro inayojulikana sana katika sindromu hii.

Moyo hujengeka katika wiki nane za mwanzo za ujauzito, kabla wengi wetu hatujaanza kliniki. Ndiyo maana yananiuma sana maneno ya wanaodai kwamba nilikula kitu kibaya au nilibeba mzigo mzito, kwa kuwa hayana ukweli wowote. Kwa sasa tunasubiri apimwe figo na usikivu.