Siku moja ya utafiti wa afya Viwandani, Nairobi

Saa 11 alfajiri. Barabara ya Lunga Lunga ina msururu wa watu wanaokwenda kwa miguu kutafuta kibarua. Hao ndio utafiti wa tofauti za afya kati ya maskini na wenye nacho huwakosa kila mara. Anayebisha milango saa nne asubuhi huwakuta wenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee. Kwa hiyo napanga kazi asubuhi na jioni, na Jumapili kwa waliokosekana kote.

Saa 2. Nakala ya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na barua ya kamati ya maadili ziko kwa chifu, nyingine mkobani. Natembea na mhudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa bila mtu anayejulikana mtaani milango haifunguki. Swali la kwanza huwa, "Mmeleta msaada?" Lijibiwe waziwazi kabla ya kuomba ridhaa: hapana, na ukikataa kujibu hupotezi huduma yoyote.

Saa 3. Ploti moja ya mabati ina vyumba vingi, basi tunahesabu kaya, yaani wanaokula chungu kimoja. Orodha ikiwa na kaya 1,200 nami nahitaji 100, hatua ya kuruka ni kaya 12: napiga kura kupata namba kati ya 1 na 12, kisha kutoka namba hiyo nafuata kila kaya ya kumi na mbili. Mlango uliofungwa haumpi jirani nafasi. Aliyepo nyumbani na aliyekwenda kibarua hawafanani kiafya wala kimapato, na kuwabadilisha huharibu matokeo kimyakimya. Mlango huo narudia mara tatu, saa tofauti.

Saa 4 hadi 8 ni mahojiano, na hapa ndipo penye kazi. Ukiuliza tu, "Uliugua mwezi uliopita?" maskini anaweza kusema hapana mara nyingi kuliko mwenye nacho, maana kikohozi na mgongo amevizoea. Asiyelijua hilo ataandika kwamba maskini ndio wazima. Uliza kinachoshikika: umekohoa zaidi ya wiki mbili? Umekosa kazi siku ngapi? Mtoto ameharisha ndani ya wiki mbili zilizopita? Ukirudi nyuma zaidi, watu hukisia.

Gharama zivunjwevunjwe: nauli, kadi, vipimo, dawa za kemisti, ujira wa siku uliopotea. Ukiuliza jumla peke yake, ujira husahaulika. Na bima vivyo hivyo, kuuliza kama mtu amesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, hakutoshi. Uliza kama amelipa. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, ila asiye na mshahara kima chake cha chini cha Sh300 kwa mwezi kimepangwa kulipwa cha mwaka mzima, Sh3,600. Kwa anayelipwa jioni kwa jioni, huo ni mlima.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapimwa kwa utepe mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Utepe ukikazwa, mtoto mzima husomeka mgonjwa. Aliye kwenye rangi nyekundu ya utepe, yaani chini ya 11.5, hasubiri ripoti: mhudumu humwandikia rufaa papo hapo.

Mabati hayasitiri sauti. Maswali ya virusi vya Ukimwi, mimba zilizoharibika na kipigo cha nyumbani tunayapeleka faraghani, kwenye chumba cha kituo cha afya, hata kama kazi itachelewa.

Saa 12 jioni vibarua wanarejea, wamechoka, na chakula kiko jikoni. Naanza na maswali ya kazi na afya. Mengine tunapanga Jumapili.

Saa 3 usiku nakagua fomu. Umri wa 30, 35 na 40 ukijaa kupita kiasi, huenda umekisiwa. Mahojiano ya dakika kumi, ilhali wenzake wanatumia arobaini, yanarudiwa. Namba za kaya zinabaki, majina yanatolewa kabla faili haijatumwa.