Sekunde 90 za kutoka ndani ya ndege

Nimekuwa mhudumu wa ndege kwa miaka mingi, na mpaka leo huniuma kuona abiria wamezama kwenye simu wakati mwenzangu anawaonyesha milango. Natamani wangejua kila agizo analolitoa limetokana na nini.

Wengi huamini kwamba ndege ikipata ajali hakuna anayepona. Si kweli. Zipo ajali ambazo ndege imesimama chini ikiwa karibu nzima, watu wakiwa hai, kisha moshi ukawaua. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 Marekani hutaka watengenezaji waonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Ndege kubwa ya abiria ya Airbus A380 ilipojaribiwa mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78.

Lakini kwenye jaribio hakuna anayeogopa kufa. Tarehe 22 Agosti 1985, uwanjani Manchester, Boeing 737 ya British Airtours ilikuwa inashika kasi iruke, injini ya kushoto ikapasuka na kipande chake kikatoboa tangi la mafuta. Marubani wakaisimamisha. Hata hivyo watu 55 kati ya 137 walikufa, wengi wao kwa moshi. Walisongamana kwenye mwanya mwembamba kati ya kuta za jiko la mbele. Mlango wa juu ya bawa nao ulichelewa kufunguliwa: ulikuwa mzito, na kiti kilikuwa kimeukaribia mno.

Baadaye Profesa Helen Muir wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, alifanya jambo ninalolistahi sana. Aliwaingiza watu wa kujitolea ndani ya ndege iliyoegeshwa, akaahidi pauni 5 kwa kila atakayekuwa katika nusu ya kwanza kutoka. Pauni 5 tu! Wakaruka viti, wakasukumana, wakakwama mlangoni. Hapo ndipo ilipowezekana kupima upana ambao kweli unapitisha watu wenye haraka. Kwa hiyo ukipangiwa kiti cha mlango wa dharura ukafurahia kunyoosha miguu, tafadhali usiweke begi hapo. Ile ni njia ya watu.

Zile taa za sakafuni zipo kwa sababu moshi hutanda juu na kuzifunika za darini. Vigunduzi vya moshi chooni vilikuja baada ya moto wa Air Canada mwaka 1983, uliowaua 23 kati ya watu 46. Na tunaposema usijaze upepo jaketi la kuokolea ukiwa bado ndani, mimi huwakumbuka abiria wa ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa mwaka 1996, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini Komoro. Baadhi yao walikuwa wameshayajaza. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi watoke.

Tarehe 2 Januari 2024, kwenye uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndogo ya walinzi wa pwani, na watu watano wa ndege hiyo ndogo walifariki. Ndani ya ile ya Japan Airlines, Airbus A350 iliyokuwa inawaka, mfumo wa matangazo ulikufa na milango iliyotumika ni mitatu tu kati ya minane. Wote 379 walitoka. Wahudumu walipaza sauti, abiria wakaacha mizigo. Nilipoiona ile video nililia.

Bado kuna jambo moja sikubaliani nalo: mtoto wa chini ya miaka miwili kupakatwa. Mwaka 1989, kabla ndege ya shirika la United haijaanguka Sioux City, Marekani, wazazi waliambiwa wawalaze watoto wachanga sakafuni, kama utaratibu ulivyotaka. Mtoto mmoja alikufa. Jan Brown, mhudumu mkuu wa safari ile, alidai kwa miaka mingi kila mtoto awe na kiti chake, na sheria ya Marekani bado inaruhusu kuwapakata. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kumzuia mtoto ndege inapogonga chini. Ukiweza, mnunulie tiketi yake, na kabla ya safari uliza shirika kama kiti chako cha mtoto kinakubalika ndani ya ndege.