Maji ya Mbuga na Bomba la Altezza

Juzi mtoto wa kaka kanitumia picha ya bomba la alumini linalong'aa, mwishoni lina filta nyekundu ya koni. Chini yake kaandika: "Shikamoo shangazi. Baba hataki nifunge hii kwenye gari yangu na hasemi kwa nini. Hebu nisaidie kumuuliza."

Sikuwa na haja ya kumuuliza kaka. Siku ile nilikaa kiti cha pembeni yake.

Ilikuwa Machi 2014, masika yamekolea. Simu iliingia alfajiri: baba mkubwa wa Igalula amefariki, maziko ni baada ya Adhuhuri. Wanaotufahamu wanajua baba mkubwa alikuwa nani kwa kaka. Baba yetu alipoondoka, ndiye aliyemchukua kaka, akamlea, akamsomesha kwa pesa ya mpunga na asali. Mama alikuwa ameshatangulia Igalula tangu mgonjwa alipozidiwa. Kaka alikuwa likizo, amekuja na gari yake, Toyota Altezza, kutoka Dar, kwa hiyo tukaondoka Isevya sisi wawili, mimi nimejifunga kanga mbili, yeye hajala wala hajanywa.

Gari ile aliipenda sana. Boksi la plastiki la ea klina, linalochuja hewa inayoingia kwenye injini, lililotoka nalo Japani lilishatolewa, likawekwa bomba pana linaloshuka pembeni ya injini hadi ndani ya bampa, na filta ikakaa huko chini. Sababu yake ina mantiki, na kaka alinieleza mara nyingi kwa furaha: kule chini, mbali na joto la injini, hewa ni ya baridi. Hewa ya baridi imeshikana zaidi, kwa hiyo kila silinda inapata oksijeni zaidi na injini inaongeza nguvu kidogo. Na ule mlio! Akikanyaga mafuta gari ilikuwa inavuta pumzi kwa sauti mpaka watoto wa mtaani wanakimbilia barabarani kuangalia. Kwenye lami kavu sina ubaya nalo bomba lile.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba aliyemfungia, na alilipwa vizuri, hakumuuliza jambo moja: unaendesha wapi? Boksi la kiwandani mdomo wake uko juu, usawa wa taa au juu ya rejeta. Haukuwekwa huko bure. Ukihamisha mdomo ule kuupeleka nyuma ya bampa, gari inaonekana ileile, matairi yaleyale, kimo kilekile, lakini kina cha maji inachoweza kuvuka kimepungua sana, na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi ya kukuambia hivyo.

Barabara za vumbi za kwetu mnazijua. Inashuka kutoka kwenye miombo, inakata mbuga, yaani bonde tambarare linalotuama maji, inapanda tena. Kiangazi mbuga imepasukapasuka kwa ukavu. Masika ni majaruba ya mpunga kulia na kushoto, na mvua ikizidi maji yanapita juu ya tuta la barabara. Tulipofika kwenye mbuga ya mwisho kabla ya Igalula maji yalikuwa yamelala barabarani, ya rangi ya chai ya maziwa, yanatembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

Kaka hakujitupa tu. Alishuka, akavua viatu, akakunja suruali, akaenda na kurudi kwa miguu. Katikati yalimfika chini kidogo ya goti. Probox iliyokuwa nyuma yetu ikatupita, ikaingia polepole, ikatokea ng'ambo na kuendelea na safari, abiria wake hata hawakugeuka. Gari ya chini kama yetu tu. Kaka akaniangalia, akaangalia saa. "Twende," akasema.

Tuliingia gia ya kwanza. Nakumbuka nilinyanyua miguu ingawa ndani palikuwa pakavu. Nakumbuka harufu ya tope, na maji yanavyosugua chini ya bodi. Mbele ya bampa palijengeka wimbi dogo linalotangulia, na kaka alikuwa anaendesha vizuri, haongezi wala hapunguzi, midomo inatembea kwa dua. Tulikuwa tumeshavuka nusu.

Canter ya magunia ikaingia kutoka upande wa pili.

Haikusubiri. Ilikuja na mwendo wake, na maji yakafunguka mbele yake yakaja kwetu. Niliyaona yanapanda bampa, yanapanda taa, yanamwagika juu ya boneti. Kaka akakanyaga mafuta ili tutoke haraka, kama ambavyo yeyote angefanya. Ule mngurumo wa bomba, ule aliokuwa anaupenda, ukakatika ghafla. Ukaja mgugumio, mzito, wa chini, haukuchukua hata sekunde mbili. Halafu "ko!", mara moja. Kimya.

Injini haikukohoa kwanza, wala gari haikutikisika na kufa polepole kama ikiisha mafuta. Taa zote za dashibodi ziliwaka. Waipa ziliendelea kufuta kioo. Canter ikatupita pembeni na gari yetu ikayumba kidogo kwa maji yake. Mkono wa kaka ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo.

Kwenye jaruba la kulia alikuwepo mzee mmoja na jembe begani. Alipaza sauti: "Wee kijana! Usipige stata! Hiyo imekunywa maji!"

Kaka alimsikia. Nami nilimsikia. Niliuona mkono umesimama pale, vidole vimeshika ufunguo, mishipa imetoka. Maji yalianza kuingia chini ya mlango, yakagusa kanga yangu. Akasema, bila kuniangalia, "Baba mkubwa ananisubiri." Akazungusha.

"Tak!" Stata iligonga mara moja ikakwama.

Mzee aliingia majini hadi kwetu. Tukamwamkia, akaitikia, akamwambia kaka kwa upole, "Mwanangu, toa ufunguo kabisa. Uweke mfukoni." Alikuwa utingo wa malori ya tumbaku Urambo enzi za ujana wake, aliziona injini nyingi zikifia kwenye mbuga. Yeye ndiye aliyeita vijana wake, wakaja na maksai, gari ikavutwa hadi nchi kavu. Sisi tukapanda bodaboda. Tulifika watu wanarudi kutoka makaburini. Kaka hakutia udongo.

Injini ilifunguliwa mjini siku chache baadaye. Fundi alitoa plagi zote nne, maji yakatoka ya tope. Kisha akachukua spoku ya baiskeli, akaitumbukiza kwenye tundu la kila plagi huku akizungusha injini kwa mkono, na kila pistoni ilipofika juu kabisa aliweka alama kwa kucha. Silinda tatu zililingana. Ya pili, spoku ilizama zaidi kwa milimita chache. Konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, ilikuwa imepinda, kwa hiyo pistoni haifiki tena inapopaswa kufika.

Nilimwomba anieleze maana sikuamini kwamba maji yanaweza kupinda chuma. Akasema hewa ukiibana inakubali, maji hayakubali. Injini ya lita 2 yenye silinda 4, kila silinda inameza sentimita za ujazo 500 hivi, na pistoni ikipanda juu kabisa nafasi inayobaki ni kama 50 tu. Kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni. Maji yakizidi hapo hayana pa kwenda, pistoni inapanda kwa nguvu, na kitakachokubali kupinda ni konrodi. Ikipinda sana hutoboa ubavu wa injini. Yetu haikutoboa.

Kaka alisoma mengi baada ya hapo, usiku kucha kwenye simu. Zipo soksi za kuvisha filta: zinazuia matone yanayoruka, filta ikizama hazizuii kitu. Ipo valvu inayowekwa sehemu ya juu ya bomba, inayofunguka ili injini ivute hewa pale filta inapozama. Nayo inafaa ikiwa maji hayajaifikia yenyewe. Yapo na mabomba mafupi yanayoiacha filta juu, pembeni ya injini, ila hapo inavuta hewa ya moto na ile faida iliyolipiwa inapungua. Alinunua injini ya mtumba, akatafuta boksi la ea klina la kiwandani kwenye magari yaliyochinjwa, akalirudisha. Bomba alilitupa. Baadaye akaiuza gari.

Lakini hayo hayakumtuliza, kwa sababu mafundi hawakukubaliana. Yule wa spoku alisema konrodi ilipinda palepale wimbi lilipopiga, injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Stata haina nguvu hiyo, hukwama tu. Fundi mwingine, mtu mzima anayeheshimika mjini, alisema huenda injini ilizimika tu kwa kukosa hewa, na kama ufunguo usingezungushwa, plagi zingetolewa, maji yangemwagwa, oili ingebadilishwa, na gari ingewaka. Mimi namwamini wa kwanza. Mguu wa kaka ulikuwa kwenye mafuta, na mlio ule wa kwanza niliusikia.

Yeye hajui amwamini nani. Tangu mwaka ule, tukikaa wawili hasa msimu wa mvua, huniuliza: "Ule mlio mkubwa ulikuwa wa kwanza au wa pili?" Namwambia wa kwanza, kaka. Wa kwanza. Ananyamaza, kisha ananiuliza kama nina hakika haukuwa mlio wa kitu kilichogonga chini ya bodi, gogo labda, au jiwe lililosukumwa na maji. Na hapo sina la kumjibu, kwa sababu kweli maji yalikuwa yanapiga kila upande, na mimi wakati ule nilikuwa namwangalia yeye.