Ile 28 imekwenda wapi? Wiki ya tisa ya klabu yetu ya hesabu, Busia

Mtambo wetu umewaka siku tano mfululizo bila kuzima. Hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, umeme hukatika bila kuaga, kwa hiyo nimefurahi sana.

Hali ya vifaa kwa kifupi. Tunatumia Raspberry Pi 4 (Pi), kompyuta ndogo sana, yenye programu ya Kolibri, inayogawa masomo kwa simu na kompyuta zilizo karibu bila intaneti. Betri ni ya volti 12, ampea-saa 18, yaani wati-saa 216. Betri ya risasi, aina ya zile za gari, haifai kunyonywa zaidi ya nusu, basi tunahesabu 108. Pi na rauta vinakula kama wati 11 kwa pamoja, tunapata saa tisa na ushee. Hesabu hiyo waliifanya S.2 (kidato cha pili) wenyewe ubaoni kabla sijaenda dukani. Rauta tuliiongeza wiki ya nne, kwa sababu Wi-Fi ya Pi ilikuwa ikizitupa simu nje kila zikizidi kumi na mbili. Simu ni 14, za mtumba, mali ya klabu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na zao, kwa hiyo hizi hulala kabatini kwangu. Tatu nyingine tulizonunua zilikuja na betri zilizovimba na muuzaji akakataa kuzirudisha. Nimezitenga kabisa, maana betri iliyovimba haifai kukaa karibu na watoto.

Sasa yenyewe hasa.

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda kwenye video. Watoto walitazama kwa utulivu, wakaitikia, nami nikaamini wameelewa. Nilipowapa y = 3x + 2 wachore kwa mkono, karibu nusu walianzisha mstari kwenye 3 badala ya 2. Tangu siku hiyo kalamu inatangulia: kila mmoja anachora kwanza kwenye daftari anavyodhani mstari utakaa, ndipo anagusa simu. Tunatumia GeoGebra, programu aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ikishawekwa kwenye simu haidai intaneti. Unaandika y = mx + c, inakupa vitelezi viwili, m (kasi ya mstari kupanda) na c (pale unapoukata mhimili wa y), unavivuta kwa kidole na mstari unakufuata. Mtoto aliyekwisha kuchora dhana yake daftarini huvuta kwa hamu, anataka kujua kama alipatia. Asiyechora huchezea tu.

Mifano tunaitoa mpakani. Mtaala mpya wa Uganda wa sekondari ya chini, ulioanza na S.1 mwaka 2020, unataka hesabu ishikane na maisha ya mwanafunzi, na sisi maisha yetu ni mpaka. Wa mkokoteni anadai shilingi 1,000 za kupakia, kisha 500 kwa kila gunia: hapo c wameielewa kwa dakika mbili, kwa kuwa kila mtu anajua elfu ya kupakia inalipwa hata kabla ya gunia la kwanza. Halafu tukaingia kwa wabadilisha fedha. Siku tuliyouliza, shilingi moja ya Kenya ilikuwa 28 za Uganda. Basi y = 28x.

Wakachora, wakavuta kitelezi, wakakuza na kupunguza kioo mpaka mstari ukaonekana wote. Kijana mmoja akanyanyua simu yake: "Mwalimu, jana m ilikuwa 1 na mstari ulisimama hivi hivi. Leo ni 28. Ile 28 imekwenda wapi?"

Nilinyamaza kidogo, maana swali lilikuwa zuri kuliko somo nililoandaa. Nikawaambia wasiangalie mstari, wasome namba zilizo kwenye mihimili. Mhimili wa x ulikuwa unahesabu 200, 400, 600. Wa y unahesabu 5,000, 10,000, 15,000. Ile 28 ilikuwa imejificha kwenye vipimo. Tukarudisha mihimili yote miwili kwenye kipimo kimoja, na mstari ukasimama kama mlingoti, nyuzi 88 hivi, umeukaribia mhimili wa y kiasi kwamba wa nyuma walidhani umepotea. Darasa zima lilipiga kelele.

Kwenye karatasi kosa hili ni gumu kutokea, kwa sababu mwanafunzi anachagua kipimo mwenyewe na anaandika kila namba kwa mkono wake. Kioo kinamchagulia kimyakimya. Sasa nimeongeza hatua: kabla ya kusema lolote juu ya mstari, taja mraba mmoja kulia ni ngapi na mraba mmoja juu ni ngapi.

(Kuhusu maneno: darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini klabu ya jioni ni Kiswahili, maana Msamia, Mteso (kila kabila na lugha yake) na mtoto wa upande wa pili wanakutana hapo. Ile m nilianza kuiita "mwinamo", wakadhani ni lazima mstari uiname. Wamechagua wenyewe kusema "mpando", na ukiwa hasi, "mshuko". Nimewaachia.)

Alhamisi msichana ambaye mama yake anauza nguo ng'ambo ya mpaka aliongeza mstari wa pili bila kuagizwa: y = 27x. Alieleza kwamba mbadilishaji anayekuuzia kwa 28 hununua kwa 27. Kwenye x = 100 mistari imeachana shilingi 100. Akavuta kidole hadi 1,000, ikaachana 1,000. "Hili pengo ndilo mshahara wake," akasema, akalipaka rangi.

Kazi ya wiki ijayo imetoka hapo. Watu sita wamejitolea kuandika bei za kununua na kuuza kila asubuhi wakipita mpakani, safu mbili kwenye daftari moja, ili tuone kama pengo hubaki lilelile siku za soko. Daftari lina siku mbili tayari. Na ninatafuta kadi ya memori ya akiba, maana iliyomo ndani ya Pi imeanza kusoma polepole.