Yadi ya mimea asilia, mwaka wa 3: jiji limeniandikia barua

Wakuu, nilikaa kimya muda, na sababu ni barua. Nimetoka kazini nakuta bahasha ya jiji: majani ya mbele yamepita inchi 8, nina siku 10 nifyeke, la sivyo watafyeka wao na bili inakuja kwangu. Roho iliniuma jamani. Mwaka wa kwanza mimea hii ilikuwa inashusha mizizi tu, juu unaona magugu matupu, nikawa naikata kwa kimo cha inchi 5 hivi ili magugu yasitoe mbegu, mwaka wa pili maua mawili matatu, sasa huu wa tatu ndo maua ya Monarda na Echinacea yamejaa nyuki kutwa nzima, alafu naambiwa fyeka.

Nikaenda kusoma sheria yenyewe. Hapa jimbo la Minnesota, Marekani, tangu tarehe 1 Julai 2023, majiji lazima yamruhusu mwenye eneo kupanda na kutunza mandhari ya asili, na mimea ikizidi inchi 8 au ikitoa mbegu ni ruksa. Ila iwe imepangwa, imekusudiwa, na inatunzwa, na magugu yaliyopigwa marufuku yasiwemo. Nyasi za kawaida ulizoacha tu kukata zikajiotea hazihesabiki, na hapo ndo wengi wanakwama, mashine iko stoo mwaka mzima wanasema wamerudisha asili. (Sheria hii inahusu majiji. Kama uko chini ya chama cha wenye nyumba, soma kanuni zake pia. Jimbo la Maryland wao walivibana vyama hivyo kwa sheria ya 2021, visizuie bustani za namna hii bila sababu ya msingi.)

Kwaiyo nikamjibu mkaguzi kwa maandishi, nikaambatanisha ramani niliyochora kabla ya kupanda, orodha ya mbegu, na tarehe nilizomwaga, yaani Novemba, maana nyingi bila kupigwa na baridi ya miezi haziamki. Akaja mwenyewe. Akasimama kwenye Asclepias, ile yenye utomvu kama maziwa, akauliza hili si gugu? Nikageuza jani nikamwonyesha kiwavi wa kipepeo monarch, nikamweleza viwavi hao hawali kitu kingine zaidi ya mimea ya jamii hiyo. Akainama akamtazama muda mrefu. Ila karibu na uzio akaona mbigili 2, Canada thistle, na hizo ziko kwenye orodha ya marufuku ya jimbo, alikuwa sahihi kabisa. Nimezing'oa, lakini mizizi yake inatambaa chini kwa chini na kipande kikibaki kinachipua tena, kwaiyo kila Jumamosi nazikagua.

Wiki iliyofuata shauri likafungwa.

Tangu hapo nimeacha ukanda wa nyasi fupi wa futi 2 kando ya njia ya waenda kwa miguu, naukata kila wiki, na umebadilisha kila kitu, mtu akipita anaona kabisa kuna mwenye kutunza. Nani alilalamika sikutaka kujua. Nilipita nyumba 4 za jirani nikawaeleza ninachofanya, mama mmoja akaniomba mbegu za Monarda, nitamkusanyia zikikauka.

Bado namtafuta Bombus affinis, nyuki rasmi wa jimbo letu tangu 2019, na yuko hatarini kutoweka. Monarda ni moja ya maua anayoyapenda, kwaiyo asubuhi kabla ya kazi nasimama pale dakika 10 nikiangalia.