Dume la Mjusi Kafiri Linapoiva Rangi

Tangu mvua za masika zilipokatika nimekuwa nikipiga picha mahali pamoja tu, kwenye mwamba mmoja wa ufukweni upande wa Capri Point, hapa Mwanza. Wenzangu wengi hupenda kwenda Serengeti kutafuta simba, nami sina neno nao, lakini naamini kwamba anayerudi kwenye jiwe lilelile kila juma huona mambo ambayo mpita njia hawezi kuyaona.

Ninayemfuata hasa ni mjusi kafiri wa miamba yetu, ambaye wanasayansi humwita Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923 kutokana na mji huu huu. Dume aliyekomaa ana kichwa, shingo na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na kiwiliwili cha buluu iliyokolea, ilhali jike ni wa kahawia na huweza kukupotea machoni akiwa mbele yako.

Rangi hizo za dume hazidumu kutwa kucha. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, na wakati huo mwamba bado una baridi ya usiku. Dume hutoka mpasukoni akiwa amepauka, hata ukadhani ni jike. Jumamosi iliyopita nililala kifudifudi hatua nne hivi kutoka kwake, lenzi ikiwa usawa wa jicho lake, nikamtazama alivyojibandika tumbo juu ya jiwe na kutulia. Wekundu ulipanda polepole, kama kaa linalopulizwa, na ulipokolea alijiinua kwa miguu ya mbele akaanza kuchezesha kichwa juu na chini, kwa sababu dume mwingine alikuwa ametokeza kwenye jiwe la pili. Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga mwaka huu ni ya dakika zile za katikati, akiwa nusu kahawia na nusu mwekundu.

Wekundu huo una taabu yake katika kamera. Jua likimpiga sawasawa, kichwa chote hugeuka bapa jekundu lisilo na magamba, na hakuna namna ya kuyarudisha magamba hayo baadaye kwenye kompyuta. Kwa hiyo hupunguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, nikakubali mwamba uwe na giza kiasi. Nilipoteza picha za majuma mawili kabla ya kulielewa jambo hili.

Pimbi nao hutoka kuota jua saa hizohizo, kwa kuwa miili yao haihifadhi joto vizuri kama ya wanyama wengine wanyonyeshao, na hukaa wamegusana mabega. Wao si wagumu kuwapiga picha, mradi usisimame ghafla. Kule majini mdiria mweusi na mweupe huelea hewani akipiga mabawa papo kwa papo kabla ya kujitosa kufuata dagaa. Kwake sitegemei bahati, naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde na kumsubiri atulie.

Kinachoniuma ni mawe ya watoto. Mjusi kafiri hupigwa mawe kwa sababu ya jina lake na kwa ile desturi yake ya kutikisa kichwa, ambayo wengi huiona kuwa dhihaka, ingawa anawaonya madume wenzake tu na hana habari na binadamu. Dume ninayemfuata amekatika ncha ya mkia, nami sasa humtambua kwa kovu hilo.

Ifikapo saa tatu na nusu jua limekwisha kupanda juu mno, vivuli vimekuwa vikali, nami hufunga mkoba. Jumamosi ijayo, nikijaliwa, nitalala upande wa mashariki wa mwamba kabla ya mapambazuko, ili nimpate tangu anapotoa pua mpasukoni.