Kichanja cha bibi nimekikuta kitupu

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii ni wiki yangu ya tatu nyumbani baada ya miaka 16 ya Muscat. Mji sitausemea sana, wenyewe mnaujua. Treni ya umeme kutoka Dar imenifikisha Dodoma chini ya saa nne, na njia ya Nzuguni tuliyokuwa tunapita kwenda Nanenane sasa ni nyumba mtindo mmoja. Mji kukua ni heri. Kilichoniumiza kiko Mvumi, ndani ya jiko la bibi.

Mliolelewa kwetu mnakijua kichanja, zile fito za jikoni za kutunzia mbegu. Juu ya mafiga, pale moshi unapotulia kabla ya kutoka, yalikuwa yananing'inia masuke ya uwele yaliyofungwa mafungu, meusi kwa masizi, na fukusi hathubutu kuyasogelea. Ile ndiyo ilikuwa mbegu. Mwaka wa njaa tulilala na mlenda mtupu, na yale mafungu yakabaki palepale. Safari hii nimeinua macho hata kabla sijakaa. Fito zipo, kamba mbili zipo, masizi yanashuka kama nyuzi. Juu yake kuna dumu tupu la mafuta ya kula na ndoo iliyopasuka.

Nikamuuliza mama, mbegu ya bibi iko wapi? Akajibu taratibu, "Uwele tuliuacha, mwanangu. Si wewe ulikuwa unatuma hela ya sembe?"

Sikuwa na neno. Nayakumbuka maneno yangu ya kwenye simu: acheni kuhangaika na ndege, nunueni unga. Niliamini nawapumzisha. Kweleakwelea wakishaanza kushuka, mtu anashinda kwenye dungu, jukwaa la kufukuzia ndege shambani, tangu alfajiri mpaka jua linazama, na watoto siku hizi wako shule. Basi kaka akahamia kwenye mahindi. Mbegu aliuziwa mjini, duka sitalitaja, akaambiwa inawahi kukomaa na inafaa mvua za kwetu. Mwaka wa kwanza alipata kidogo. Mwaka wa pili mbelewele zikatoka katikati ya ule ukame wa Februari ambao kila Mgogo anaujua, mahindi yakakaukia shambani. Alipotaka kurudi kwenye uwele, kichanja kilikuwa kitupu na bibi tumeshamzika.

Na mbegu yenyewe ni nusu tu ya hasara. Bibi alikuwa anapita shambani kabla ya mavuno na vipande vya kanga chakavu, anafunga alama kwenye suke analolitaka lingali limesimama. La pembeni hachukui, maana uwele hupokea chavua ya shamba la jirani, kwa hiyo la pembeni limeshachanganyika. Anataka la katikati, lililojaa punje mpaka nchani, kwenye shina lililovumilia ukame bila kulala. Na aliupenda uwele wenye ndevu ngumu, ndege hawausumbui sana. Sisi tulikuwa nyuma yake tunacheza. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyeandika.

Waingereza walipokuja Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga, hawakuwauliza watu waliozaliwa juu ya udongo ule. Kiangazi ukakaza kama tofali, na 1951 mradi ukafutwa. Tumekua tukiwalaumu. Mimi, mjukuu wa humu ndani, nami sikuuliza.

Juzi nikaenda Handali kwa mama mdogo. Akaleta ugali wa kijivu, nikaujua kabla sijaonja. Nikamwambia, mama, uwele huu umeupata wapi? "Wa bibi yako. Alinipa bakuli moja nilipoolewa." Nililia mbele ya chakula, sioni aibu kusema.

Mama mdogo hakukaa na lile bakuli peke yake. Amelimega kwa majirani, na kila aliyepewa hurudisha mawili baada ya mavuno, au humpa mwingine. Ukame ukikausha shamba moja, mbegu ipo kwa mwenzio. Kwenye mzunguko huohuo akajifunza mashimo ya Chololo, ambayo yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma. Upana sentimita 22, kina 30, shimo kwa shimo 60, mstari kwa mstari 90. Ndani unaweka samadi, mabua, na majivu ya kufukuza mchwa, na maji ya mvua yanatulia humo badala ya kukimbilia korongoni. Alikwenda kuyaona kwa mwenye shamba, akashika jembe, akarudi akachimba. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza 1993, nao wanasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu ya kuuza iwe imethibitishwa, sawa. Ya bibi haikuwahi kuuzwa. Serikali nayo ina mkakati wa kilimo ikolojia hai, yaani kilimo kisichotegemea kemikali za viwandani, tangu 2023, na mimi naomba wanaoutekeleza waanzie kwenye vichanja vilivyobaki, kabla wenye navyo hawajaondoka.

Nyie mlio nje, mkirudi njooni Oktoba, mvua haijaanza. Acheni mabegi mlangoni, nendeni jikoni mkatazame juu. Kaeni na wazee na simu zenu mkiwarekodi, na waacheni waseme Kigogo, maana majina ya mbegu na ya udongo kwa Kiswahili mengine hayapo. Hela tumeni, lakini tumeni ya kumlipa mtu wa kukaa kwenye dungu. Hela ya unga inaliwa ikaisha, na mimi nimeona inakula na nini kingine.

Mama mdogo amenipa mafungu manne, kwa sharti lilelile la kurudisha mawili kwa moja. Mama ameshusha dumu na ndoo, kaka amekaza fito kwa kamba mpya. Gesi tumeiweka pembeni, jana tumepikia kuni. Mwisho wa Novemba tunasia kwenye vumbi, kama bibi, kabla tone la kwanza halijaanguka.